Mtoto Mgonjwa wa Akili ni Amana, si Aibu

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, mwenye kutoa akili na mwenye kuzitwaa, na rehema na amani zimfikie Bwana wetu Muhammad, na Aali zake na Sahaba zake wote.

Ama baada ya haya. Ndugu zetu Waislamu, katika darsa zetu tumeulizwa suala ambalo tumeona si haki kulijibu msikitini tu kisha likasahauliwa. Muulizaji ni mtu wa mji wetu aliyeoa bara, upande wa Kibwezi katika kaunti ya Makueni. Alisema kuwa katika jamaa ya mkewe kuna mtoto wa miaka 12 ambaye huanguka kifafa, na baada ya kuzinduka hukaa siku nzima hamjui mtu, akatoka akatangatanga. Jamaa zake humfunga kamba mguuni wanapokwenda shamba. Sasa wamesikia kuwa serikali ina sheria ya watoto, na kuwa mwenye kumfunga mtoto hushtakiwa. Kwa hivyo badala ya kumfungua wamezidi kumficha. Akauliza masuala mawili: Je, watu hawa wana dhambi? Na je, ni halali kwenda kuwasema kwa wakuu?

Sisi twajibu kwa kadiri alivyotujaalia Mwenyezi Mungu, na tutaanza mbali kidogo ili jawabu lipate kueleweka.

KWANZA: HAYA SI YA WATU WA BARA PEKE YAO

Huenda msomaji wa Mombasa, Malindi au Lamu akasema: Kitui na Makueni ni mbali, na mambo haya ni ya Wakamba na uganga wao. Tunamwambia kuwa si mbali, wala si ya Wakamba peke yao. Kabla ya reli, misafara ya Wakamba ilikuwa ikishuka pwani na pembe na kurudi na nguo na shanga, na jina la Kivoi, yule tajiri wa Kitui wa karne ya 19, lilikuwa likijulikana na wafanyi biashara wa Mombasa. Kisha reli iliyofika Nairobi mwaka 1899 ikapita Mtito Andei, Kibwezi na Makindu, na biashara na nikaha zikafuata njia hiyo hiyo. Leo tuna ndugu zetu huko, tuna wakwe na tuna wajukuu.

Na hata katika ujinga tumekuwa washirika. Katika miji yetu utaona vibao vimepigiliwa misumari kwenye miti na nguzo za umeme, vikitangaza kuwa mganga kutoka Kitui amefika, naye atibu wazimu, kifafa na mikosi. Na ukienda bara utaona vibao vingine vikitangaza mganga kutoka pwani, mwenye majini na vitabu. Wao waletewa wa kwetu na sisi twaletewa wa kwao. Kila mmoja aamini kuwa dawa iko kwa jirani yake, na mtoto mgonjwa yuko katikati, huku atozwa mbuzi na kule atozwa kuku. Akianguka kwetu husemwa ana pepo, akapigiwa ngoma. Akianguka kwao husemwa amerogwa, akapelekwa kwa mundu mue. Majina ni mawili, lakini kamba ni moja.

Basi asisome mtu maneno haya akidhani kuwa yahusu nyumba ya mwingine. Na atazame vyumba vya uani katika mitaa yetu kwanza.

PILI: DINI YASEMAJE

Mtume wetu (S.A.W.) ametufunza kuwa kila mmoja wetu ni mchunga, na kila mmoja ataulizwa juu ya alichopewa kukichunga. Hadithi hii wameipokea Bukhari na Muslim, na kila Muislamu aijua. Lakini wengi wetu twaisoma juu ya mtoto mzima wa akili tu: tumsomeshe, tumfunze adabu, tumwoze. Hatuisomi juu ya yule asiyeweza kusema, wala yule anayecheka peke yake, wala yule aliyekuwa hodari skulini kisha ghafla akajifungia chumbani, hali wala halali. Na mchunga mwenye busara hamwangalii sana kondoo aliye mzima. Humwangalia aliyevunjika mguu.

Katika Sura ya Nisaa, aya ya 5, Mwenyezi Mungu ametukataza tusiwakabidhi mali wale ambao akili zao ni dhaifu, na wafasiri wamewahesabu watoto na wapungufu wa akili miongoni mwao. Lakini katika aya hiyo hiyo hakutuamrisha kuwafungia wala kuwatukana. Ametuamrisha tuwalishe, tuwavike, na tuseme nao kwa maneno mema. Zingatia neno hili, ndugu yangu. Mtu ambaye huenda hata hayafahamu maneno yako, bado Mola wako amekuwajibisha useme naye vizuri. Basi wako wapi wanaomwita mtoto wa jirani "wazimu" na "kichaa" mbele ya mama yake?

Na mwanamke mweusi alimjia Mtume (S.A.W.) akamshitakia kuwa huanguka kifafa, na kuwa akianguka nguo humfunuka. Mtume hakumfukuza, wala hakumwambia kuwa imani yake ni dhaifu, wala hakuwaita watu wampige ili jini atoke. Alimpa khiyari: asubiri apate Pepo, au amwombee apone. Bibi yule akachagua subira, ila akataka aombewe asifunuke, naye akamwombea. Hivi ndivyo alivyotendewa mgonjwa wa kifafa na aliye bora wa viumbe: alisikilizwa, akashauriwa katika jambo lake mwenyewe, na heshima yake ikahifadhiwa.

Asije mtu akafanya subira ya bibi yule kuwa hoja ya kumnyima mtoto dawa. Bibi yule aliichagua nafsi yake. Mtoto hana wa kumchagulia ila wewe, nawe umeamrishwa na Mtume huyo huyo utafute dawa, kwani ametupa khabari kuwa Mwenyezi Mungu hakuteremsha maradhi ila ameteremsha na ponyo lake.

Wengine watatuuliza: Je, mwakanusha majini? Hatukanushi, kwani Qur'ani imewataja. Lakini kuwako kwa majini si dalili kuwa kila ugonjwa watokana nao, kama vile kuwako kwa wezi si dalili kuwa kila kilichopotea kimeibwa. Madaktari wameeleza kuwa kifafa cha mtoto mara nyingi hutokana na malaria iliyopanda kichwani, au kukosa pumzi wakati wa kuzaliwa, au pigo la kichwa. Nacho kina dawa, na wengi wa wanaoitumia kila siku bila ya kukatiza hupona kuanguka. Wameeleza pia kuwa karibu nusu ya magonjwa ya akili huanza kabla ya mtu kutimiza miaka 18. Basi ugonjwa huu ni jambo la utotoni, nao ukiwahiwa hutibika kwa wepesi zaidi.

Kumsomea mgonjwa Fatiha na Muawidhatayn ni sunna, wala hapana daktari atakayekuzuia. Lakini kumpiga mtoto kwa fimbo kwa kudai wampiga jini, kumfukiza moshi mpaka akakosa pumzi, kumshindisha na njaa, na kuvitupa vidonge vyake kwa kusema havichanganyiki na kombe, haya si kisomo bali ni dhulma. Mwenye kuyafanya kisha akapokea ujira amekula haramu juu ya dhulma.

Wala msidhani kuwa hospitali ya wagonjwa wa akili ni bidaa iliyoletwa na Wazungu. Nuruddin alijenga hospitali Damascus mwaka 1154, na Sultani Qalawun akajenga yake Cairo mwaka 1284, na humo wagonjwa wa akili walikuwa na vyumba vyao, nao wakitibiwa kwa mali ya wakfu. Na Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu juu ya afya ya miili na afya ya nafsi, akaeleza huzuni, khofu na wasiwasi kama tabibu aelezavyo homa. Hawa walikuwa Waislamu. Sisi warithi wao tumeacha wakfu wao, tukashika vibao vya mitini.

TATU: SHERIA YASEMAJE

Watu wengi huiogopa sheria kwa kuwa hawakusomewa. Basi tuisome kidogo.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 53, imempa kila mtoto haki ya chakula, makazi na matibabu, na haki ya kulindwa na mateso, na kutupwa, na mila zenye kudhuru. Imesema pia kuwa malezi ni juu ya baba na mama sawasawa, wawe wameoana au hawakuoana, na kuwa katika kila jambo la mtoto, maslaha ya mtoto ndiyo yatakayotangulizwa. Kifungu cha 54 kimetaka mwenye ulemavu atendewe kwa heshima, wala asiitwe kwa majina ya kumdhalilisha.

Kisha ikaja Sheria ya Watoto ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 26 Julai mwaka huo na kuchukua mahali pa ile ya 2001. Sheria hii yamhesabu mtoto aliyetupwa, au anayeteswa, au mwenye ulemavu naye amefungiwa, kuwa ni mtoto anayehitaji kutunzwa na kulindwa. Yeyote ajuaye khabari zake aweza kuzipeleka kwa afisa wa watoto, au kwa chifu, au kwa polisi. Lakini sheria hiyo hiyo imesema kuwa mtoto hatenganishwi na wazazi wake ila mahakama ione kuwa hivyo ndivyo bora kwake. Na mwaka huo huo wa 2022 serikali ilitangaza mpango wa miaka 10 wa kuwarudisha watoto makwao kutoka katika nyumba za kulelea. Basi hapana msingi wa maneno yanayopita vijijini kuwa serikali yazunguka ikitwaa watoto wagonjwa. Na sheria hii imeitaja kafala ya Kiislamu kwa jina lake, kuwa ni njia mojawapo ya kumlea mtoto aliyekosa wazazi. Jambo hili lapasa Waislamu walijue na walitumie.

Na Juni 2022 ilirekebishwa Sheria ya Afya ya Akili, ambayo asili yake ni ya mwaka 1989. Marekebisho hayo yamezipa serikali za kaunti wajibu wa kuwatibu wagonjwa wa akili karibu na makwao, na yamekataza wasibaguliwe.

Mwenye kutazama kwa insafu ataona kuwa mambo haya hayapingani na dini yetu. Nafaka ya mtoto ni juu ya baba yake, na wanavyuoni wetu wa Kishafi wamesema kuwa mtoto akibaleghe naye hana akili, ulezi wake haukatiki. Twasema haya kwa sababu tumewaona akina baba ambao mtoto akiumwa akili humwambia mke: Ugonjwa huu watoka kwenu, kisha wakaoa kwingine, wakamwachia mama kamba na mtoto. Baba huyo amemwasi Mola wake kabla hajavunja sheria ya serikali.

NNE: KILICHO KATI YA MTOTO NA DAKTARI

Hata hivyo haitoshi kumwambia mama wa kijijini kuwa mtoto wake ana haki. Kaunti ya Kitui peke yake ni zaidi ya maili mraba 11,000, nyingi yake ni nchi kavu yenye njia za vumbi. Hospitali ya Mathari ya Nairobi ilianzishwa mwaka 1910 kwa ajili ya wagonjwa wa akili, na kwa miaka mingi mtu wa Mutomo au wa Mwingi aliyetaka daktari wa akili hakuwa na budi kufunga safari ya huko, kama vile mtu wa pwani alivyokuwa akielekezwa Port Reitz. Mama mwenye watoto wengine nyumbani, na shamba linalongoja mvua, hawezi kuiacha kaya yake siku tatu kila mwezi kwa ajili ya vidonge. Akikosa nauli mwezi mmoja, dawa hukatika; na dawa ya kifafa ikikatizwa ghafla, mtoto huanguka zaidi kuliko awali. Hapo majirani husema: Si tulikwambia, hospitali hawaujui ugonjwa huu!

Mwaka 2020 halmashauri iliyoundwa kuchunguza afya ya akili ilishauri kuwa jambo hili litangazwe kuwa ni janga la taifa. Makueni walikuwa wameanza mapema: mwaka 2016 serikali ya kaunti ilianzisha mpango ambao kila kaya ililipa shilingi 500 kwa mwaka, ikatibiwa katika hospitali za kaunti bila ya malipo mengine. Sasa malipo ya matibabu hupita katika Mamlaka ya Afya ya Jamii, iliyochukua mahali pa mfuko wa zamani mnamo Oktoba 2024. Mwenye watoto na ajiandikishe pamoja nao mapema, asingoje siku ya ugonjwa.

Na huko huko Makueni lilifanywa jambo ambalo twapenda maimamu wetu walijue. Taasisi ya utafiti wa afya ya akili aliyoiasisi Profesa David Ndetei wa Chuo Kikuu cha Nairobi iliwakalisha pamoja waganga wa kienyeji, viongozi wa dini wanaowaombea wagonjwa, na wauguzi wa hospitali, na khabari zake zikachapishwa mwaka 2016. Kila upande ulikuwa ukiudharau mwingine. Walipokaa wakasemezana, ilionekana kuwa mgonjwa ni mmoja na wote wampokea, na wakakubaliana kusaidiana. Basi ikiwa mtu wa ramli aliweza kufunzwa kutambua dalili za ugonjwa na kumwelekeza mgonjwa hospitali, imamu wa msikiti ana udhuru gani?

TANO: JAWABU

Sasa twarudi kwa muulizaji.

Suala lake la kwanza: Je, wana dhambi? Twasema, mwenye kumzuia mtoto asitumbukie motoni au mtoni, naye hana mtu wa kumwachia wala hajui njia nyingine, huyo yumo katika dharura, na dharura hupimwa kwa kadiri yake. Lakini dharura huisha mlango mwingine unapofunguka. Tangu siku waliyojua kuwa kuna dawa na kuna haki, kamba ile imekuwa haramu juu yao kwa kadiri ya uwezo wao. Na anayemficha mtoto kwa kuogopa aibu tu, ili dada zake wasikose waume, huyo hana udhuru wowote.

Wala dhambi hiyo haiishii kwao. Kumwokoa mnyonge ni faradhi ya kutosheleza: wakiifanya baadhi, wengine huvuliwa, wakiiacha wote, wote wana dhambi. Jirani asikiaye kilio kila siku, tajiri mwenye gari, mwalimu wa chuo aliyemfukuza mtoto kwa kuwa huanguka, na imamu asiyeuliza kwa nini nyumba ile ina watoto wanne na huonekana watatu, wote hao wana sehemu yao katika fundo la kamba ile.

Suala la pili: Je, ni halali kuwasema kwa wakuu? Ni halali, na si katika kusengenya kulikokatazwa. Imamu Nawawi ameeleza mahali sita ambapo kumtaja mtu kwa ubaya wake kumeruhusiwa, na miongoni mwake ni kushitaki dhulma na kutaka msaada wa kuondoa maovu. Lakini nia na utaratibu vina hukumu yake. Ikiwa mtoto yumo katika khatari, apigwa, hapewi chakula, au jeraha la kamba limeoza, usikae kungoja kikao cha wazee. Nenda leo kwa afisa wa watoto au piga simu 116, ambayo haina malipo. Na ikiwa ni wazazi waliolemewa na hawana njia, anza kwa kuwasaidia: fuatana nao hospitali kuu ya kaunti, iwe ya Kitui mjini au ya Wote, na umtake afisa wa watoto awe msaidizi wao.

Hatuwezi kumuahidi mama kuwa hatoulizwa juu ya alama za kamba. Huenda akaulizwa. Lakini aliyekuja na mtoto mkononi akitaka atibiwe si sawa na yule ambaye mtoto wake alikutwa amefichwa. Na akija peke yake atatetemeka. Akija na watu wanne wa msikitini kwake, wenye kushuhudia dhiki yake na kuahidi mbele ya afisa kuwa watamsaidia, ana tumaini la kuonekana kuwa ni mama anayehitaji kushikwa mkono.

Kwa hivyo twapendekeza kwa kila msikiti, kwetu na kwa ndugu zetu wa Mwingi, Kitui, Makindu na Kibwezi, mambo haya manne. Kwanza, zitengwe katika zaka na sadaka fedha za nauli na dawa za watoto hawa, kwani wengi wa wazazi wao ni mafakiri na maskini waliotajwa katika aya ya zaka. Pili, wachaguliwe wanawake wawili waaminifu wa kumzuru mama mwenye mtoto kama huyu, wamshikie mtoto siku anapokwenda shamba au sokoni, ili pasiwe na haja ya kamba. Tatu, katika chuo asifukuzwe mtoto kwa kifafa wala kwa uzito wa akili. Akaribishwe akae, asome anachokiweza. Nne, imamu asimsomee mgonjwa ila amuulize kwanza: Umekwenda hospitali? Dawa yako waitumia?

Mtu aliyetuuliza amekwisha kuambiwa haya kwa mdomo, na amepewa nauli ya watu watatu. Yaliyobaki ni juu ya kila mwenye kusoma waraka huu naye anajua mlango uliofungwa kwa nje.

Ewe Mola wetu, waponye watoto wetu wagonjwa, uwape nguvu mama zao, uwatie huruma baba zao, na usitufanye sisi kuwa sababu ya wao kufichwa. Amin.

Wabillahi tawfiq.